Mapanga yaliyopinda si urembo

Umeuliza kama propela zenye mapanga yaliyopinda kama jambia zinaokoa mafuta kweli. Ndiyo, ndugu yangu, zinaokoa.

Kusukuma hewa nyingi taratibu kunapoteza nishati kidogo kuliko kurusha hewa chache kwa kasi kubwa, kwa hiyo propela pana ina faida tangu mwanzo. Tatizo ni ncha: ndege ikienda mbio, ncha za mapanga hukaribia kasi ya sauti, ukinzani unapanda ghafla, na kelele pia. Kuyapinda kunachelewesha hali hiyo, kama mabawa ya ndege za jeti yanavyolazwa nyuma. Halafu hewa hutoka ikizunguka, nayo ni nguvu inayopotea bure. Safu ya pili ya mapanga huinyoosha.

Injini ya GE36 ya General Electric, yenye safu mbili zinazozunguka kinyume, ilirushwa kwenye Boeing 727 mwaka 1986. Mafuta yakashuka bei, mradi ukafa. Inaniuma hadi leo! Sasa GE na Safran, kampuni ya injini ya Ufaransa, wamerudi na mradi wa injini uitwao RISE, uliotangazwa 2021, wakilenga kupunguza mafuta kwa zaidi ya asilimia 20. Humo safu ya nyuma haizunguki, na kwangu hilo ndilo wazo bora zaidi: uzito pungufu, kelele pungufu.