Vyakula vya kuongeza damu: angalieni pia mnashushia nini

Ndugu uliyeuliza ni vyakula gani vya kawaida vinavyoongeza damu, kwa kuwa mkeo mjamzito hapendi maini na juisi ya rozela imemchosha, nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe hapa Morogoro.

Mimba yangu ya pili ilipofikia mwezi wa tano, nilipimwa kliniki nikaambiwa damu ni 9.2, ilhali kwa mjamzito haitakiwi kushuka chini ya 11. Nilishangaa, maana sikukosa ugali kwa matembele au mchicha karibu kila mchana. Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ninashushia nini. Nikamjibu kuwa ni chai ya rangi, kikombe kikubwa, iliyokolea majani.

Alinieleza kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga za majani na maharage hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama na samaki, na kwamba chai au kahawa ikinywewa pamoja na chakula huyazuia zaidi, ilhali vitamini C huyasaidia kuingia mwilini. Basi matembele yaleyale nikawa nayakamulia ndimu mezani, au nakula pera baada ya chakula, na chai nikaihamishia saa kumi jioni. Kuiacha kabisa nisingeweza.

Dagaa ndio walionifaa zaidi. Nilikuwa nawachambua mchanga, nawakaanga kidogo bila mafuta mpaka wakauke vizuri, nawatwanga, kisha naweka vijiko viwili vya unga wake kwenye sufuria ya mboga. Hata asiyependa harufu ya dagaa haisikii sana ukiunga kwa nyanya na kitunguu. Maharage nayo niliyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake kabla ya kuchemsha.

Kuhusu rozela, na bitiruti pia, wekundu wake ni rangi ya mmea tu, kwa hiyo usimlazimishe. Maini pia asiyale kila siku hata akiyapenda, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno kwa mjamzito.

Baada ya miezi miwili hivi nilipimwa tena ikawa 11.3. Hata hivyo sikuwahi kuruka vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki, hivyo siwezi kuwapa dagaa sifa zote. Mkeo naye apimwe malaria na minyoo, kwani vyote viwili hupunguza damu hata kama mtu anakula vizuri.

Muulize pia, kwa upole, kama anakula udongo, kwa sababu nao huzuia chuma kufyonzwa. Mimi nilikuwa nauficha kwenye mkoba, na muuguzi aliponiuliza nilikana mara mbili kabla ya kukiri.