Nitrati 12 na nitrati 53 zinaweza kuwa maji yale yale

Dada, umeuliza kwa nini kisima chenu cha Bahi kinasoma nitrati 12 kwenye jedwali moja la vipimo vya maji na 53 kwenye jingine, sampuli ikiwa ile ile. Angalia safu ya kizio, yaani inayoonyesha namba imepimwa kama nini. Kuna maabara zinazoripoti nitrojeni peke yake iliyomo kwenye nitrati, na nyingine huripoti nitrati nzima. Kupata nitrati nzima kutoka nitrojeni, zidisha 12 kwa 4.43, unapata 53. Kiwango cha WHO ni miligramu 50 kwa lita, na hiyo ni nitrati nzima (kwa nitrojeni ni kama 11), kwa hiyo maji yenu yamevuka kidogo kwa hesabu zote mbili. Wenye mtoto anayenyonya chupa wasiyatumie kukorogea maziwa, na kuchemsha hakusaidii.

Mengine kwenye jedwali ni mepesi. Kituo ni mahali sampuli ilipochotwa, kigezo ni kile kilichopimwa: floridi, pH, chumvichumvi. Ukiona <0.05 usiandike sifuri. Maana yake kifaa hakiwezi kuona chini ya hapo. Nafasi tupu nayo si sifuri, hawakupima tu.

Halafu latitudo. Huku kwetu tuko kusini ya ikweta, Dodoma mjini ni kama -6.17. Mtu akisahau hiyo alama ya kutoa, kisima kinahamia Ethiopia. Ukikikosa kwenye ramani, kitafute kwa namba ya kituo, jina la kijiji kila mtu huliandika anavyojua.