UTI isiyoisha, na maswali mengine ya maabara

*Nimepima mkojo mara tatu, kila mara naambiwa UTI. Nakunywa dawa, hali inarudi. (Dada wa Nkuhungu)*

Dada yangu, ujumbe kama wako naupata kila wiki na unaniuma. Chembechembe nyeupe kwenye mkojo zinaashiria huenda kuna maambukizi, hazitaji mdudu. Mmoja wa kushukiwa ni klamidia, mdudu wa ugonjwa wa zinaa: hujificha ndani ya seli, hadubini ya kawaida haiioni. Hutafutwa kwa kipimo cha vinasaba, kwa pamba ya ukeni au mkojo. Na mkojo wenyewe ni ule unaotangulia kutoka, baada ya kukaa angalau saa moja bila kukojoa, wakati kwa UTI huwa tunataka wa katikati. Kwa hiyo mwambie daktari waziwazi unachohofia. Kituo kisipokuwa na mashine, atakutibu kwa dalili. Mwenzako hukumtaja kabisa: asipotibiwa naye, mtarudishiana. Klamidia ikiachwa hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba, na wanawake wengi hawasikii hata maumivu.

*Nilitokwa usaha, nikanunua siprofloksasini duka la dawa. Umepungua. Nipime sasa? (Kijana, Chang'ombe)*

Nenda leo, utaje dawa uliyomeza na siku uliyoanza. Nimeandika mpaka nimechoka: sampuli kwanza, kidonge baadaye. Dawa ikishaingia mwilini, kuotesha usaha (yaani kukuza wadudu wake maabara) kunaweza kusionyeshe kitu, na kuotesha ndiko kunakotuambia dawa ipi bado inaua kisonono. Siprofloksasini imeshazoeleka na wadudu hao sehemu nyingi duniani. Usaha kupungua si kupona.

*Kipimo cha VVU kimetoka safi. Basi sina gonjwa lolote la zinaa?*

Hapana. Kila mdudu na kipimo chake.

*Nilitibiwa kaswende mwaka jana, lakini kipimo cha kidole kliniki bado kinaonyesha ninayo. Mume wangu ananituhumu. (Mama, Kongwa)*

Pole, mama. Kipimo hicho cha haraka hutafuta kingamwili ambazo mara nyingi hubaki mwilini maisha yote, hata ukishapona. Omba RPR, kipimo kingine cha damu cha kaswende, chenye kutoa kiwango: kikishuka mara nne, tuseme kutoka 1:32 hadi 1:8, dawa imefanya kazi. Ila kama kliniki hiyo ni ya ujauzito, usiondoke kabla hujaonana na mtoa huduma kuhusu sindano ya benzathini penisilini, kwani kaswende huua mtoto tumboni. Mumeo naye apimwe, kisha ndipo aseme.

*Nilikutana na mtu Jumamosi, Jumatatu nikapima kaswende, sina. Niko salama?*

Siku mbili! Ni mapema mno kwa kipimo kuonyesha. Rudi baada ya miezi mitatu, na ukiona kidonda kabla ya hapo usingoje.