Kwa wadogo zangu mnaokimbilia skolashipu: acheni kuficha mguu

Jana kabla ya intavo (mbio za kasi za kurudiarudia) nimemwona mmoja wenu akivuta soksi mpaka karibu na goti ili bandeji isionekane. Simtaji. Nimemaliza mazoezi nikamkuta ananisubiri, swali lake moja tu: muda wake wa mita 1500 unatosha kwa chuo cha Marekani? Mguu hakuutaja. Nimewaambia haya kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa nayaandika.

1. Siku ya kupumzika, pumzikeni. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri siku moja mpaka mbili kila wiki bila mchezo wako, na kwa mwaka jumla ya miezi miwili au mitatu mbali nao. Jogi "nyepesi" ya dakika 50 na wenzako wanaoshindana mpaka getini si kupumzika, na mnajua.

2. Laleni. Kwa umri wenu ni muda wa saa 8 mpaka 10, na simu iwe chumba kingine.

3. Msifiche maumivu. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa na miaka 17. Msimu wa mbio za nyika ulipoisha niliingia uwanjani bila hata wiki moja ya kupumua, kwa sababu kocha wa chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza (ngazi ya juu ya michezo ya vyuo Marekani) alishaniambia nafasi yangu ipo. Nikaanza kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mapigo ya moyo ya asubuhi, yaliyozoea kuwa 48, yakapanda 56, kisha 60. Nikaacha kuyaandika kwenye daftari ili kocha wangu asiyaone. Muundi wa kulia ukauma baada ya mazoezi, baadaye ukauma katikati ya mazoezi, mwisho ukawa unaniamsha usiku.

Lakini mguu haukunitisha kama siku ile niliposhinda mita 1500 nikavuka mstari bila kuhisi chochote. Mama, aliyekuwa akiamka alfajiri miaka yote kunipeleka mazoezini, alinikumbatia akilia kwa furaha. Mimi kichwani nilikuwa nahesabu mashindano yaliyobaki.

Wiki hiyo kocha wa chuo akaniandikia: mazoezi yanaendaje, kuna jeraha lolote? Nikamjibu, "Niko sawa kabisa." Maneno matatu, yote ya uongo. Siku kumi na tisa baadaye nilisimama mzunguko wa tatu, nikashindwa hata kutembea kutoka uwanjani. Kipimo cha MRI kikaonyesha mfupa umeanza kupasuka. Wiki nane bila kukimbia. Daktari alipolitamka hilo nililia, na kila mtu chumbani akadhani ni huzuni. Ilikuwa nafuu. Nilifurahi kuvunjika, jamani, na ilinichukua miaka kumwambia mama.

Nikamwandikia kocha wa chuo ukweli wote. Alijibu kwa upole kwamba wanariadha wenye majeraha huwapokea kila mwaka, ila yeye kama kocha hawezi kumlinda asiyesema. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Sikuwa na pa kulalamika: ahadi ya mdomo haimfungi kocha wala wewe. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili uliotiwa saini, na mimi sikuwa nao.

4. Madarasa. Divisheni ya Kwanza inataka masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4.0, hata kama unakimbia kama upepo. Uchovu niliouficha uwanjani ulinifuata darasani: nilisinzia nusu ya muhula wa kemia, na alama za muhula ule zipo mpaka leo. Kilichoniokoa ni alama za miaka miwili ya kabla. Kwa hizo nilipata chuo cha Divisheni ya Tatu, ambako hakuna skolashipu ya michezo lakini ufadhili wa masomo upo. Nikarudi kukimbia mwaka wa pili, siku nne kwa wiki, na siku moja kwenye mvua nikajikuta natabasamu kwenye kona ya mita 200. Nilikuwa nimesahau kwamba inawezekana.

5. Wasichana: hedhi ikikatika si dalili kwamba uko fiti. Mara nyingi ni kwamba unakula kidogo kuliko unachotumia, na mifupa ndiyo inayolipa. Mwone daktari mwezi huu, usisubiri msimu uishe.

6. Ukiona unaombea mvua ivunje mazoezi wiki ya tatu mfululizo, mwambie mtu. Huo si uvivu. Wavivu hawafiki uwanjani alfajiri miaka minne.

Na wewe mwenye soksi. Kesho ni mita 800 mara sita, na wewe hukimbii. Njoo hivyo hivyo, tukae benchi. Tutamwambia kocha wetu kwanza, halafu nitakusaidia kuandika barua kwa yule wa chuo. Sentensi ya kwanza iwe kuhusu mguu.