Mche Uhamishwe kwa Kutazama Mizizi

Swali la wiki hii lilikuwa: mche wa mboga uhamishiwe chombo kikubwa ukiwa na umri gani? Kwa maoni yangu, umri haufai kuwa kipimo, kwa sababu nyanya zilizosiwa siku moja, hizi katika baridi ya Lushoto na zile katika joto la Dar es Salaam, hazikui kwa kasi moja. Majani hutoa dalili ya kwanza: yale mawili ya mwanzo hayahesabiwi, bali husubiriwa majani halisi matatu au manne.

Dalili ninayoiamini zaidi ni mizizi. Mwagilia mche, uache maji yazame, kisha upindue kikopo taratibu huku vidole vikiuzuia udongo. Udongo ukitoka mzima kwa kushikwa na mizizi, mche uko tayari. Ukimomonyoka, urudishe na usubiri. Mizizi ikiwa imekwisha kujizungusha chini ya kikopo, usikawie tena, na uilegeze kidogo kabla ya kupanda.

Nawasihi wasomaji wasiutoe mche mchanga kwenye kikopo na kuutia moja kwa moja katika ndoo ya lita 20, kwa kuwa udongo mwingi usiofikiwa na mizizi hukaa na maji muda mrefu, mizizi ikakosa hewa na kuoza. Kopo la lita moja au mbili, lililotobolewa chini, linatosha kwa hatua hiyo, ndoo itafuata.

Mche ushikwe kwa jani, kamwe si kwa shina, maana jani likichanika jingine litachipua, lakini shina likipondeka mche umekwisha. Nyanya ifukiwe hadi karibu na majani ya chini, kwani shina lake hutoa mizizi mipya; pilipili hoho ibaki katika kina chake cha awali. Samadi iwe imeoza vizuri, na udongo usichotwe palipokuwa na nyanya, biringanya au viazi mviringo vilivyonyauka, kwa sababu vimelea vya mnyauko hudumu ardhini. Kazi hii ifanywe jioni, na miche ikae kivulini siku chache.

Karoti sikuitaja kwa makusudi: mzizi wake ukisumbuliwa hupinda au kugawanyika, hivyo mbegu zake zipandwe pale pale itakapovunwa.