Mtoto wa miaka 7 na kilele cha Wagagai

SWALI: Daktari, salamu kutoka Mombasa. Desemba tunakuja Mbale na mke wangu na watoto wawili, wa miaka 12 na 7. Tunataka kupanda Mlima Elgon hadi Wagagai kwa njia iitwayo Sasa, siku nne. Shemeji yangu aliyewahi kupanda Kilimanjaro anasema niwape watoto nusu kidonge cha Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlimani, asubuhi na jioni. Ni sawa?
Baba wa wawili

JIBU: Karibuni Mbale. Kwa huyo mdogo, nusu kidonge ni nyingi mno. Dozi ya kinga kwa mtoto hupigwa kwa uzito: miligramu 2.5 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, isizidi 125 kwa mara moja. Mwenye kilo 22 anahitaji 55 tu. Nusu ya kidonge cha 250 ni 125. Na kama kuna aliyewahi kuchubuka ngozi kwa Septrin au Fansidar, dawa za salfa zilizo jamaa za Diamox, asiiguse kabla hajaonana na daktari.

Lakini hata dozi ikiwa sawasawa, ratiba yenu inanitia wasiwasi. Wagagai ni mita 4,321. Oksijeni huko ni asilimia 21 ya hewa kama hapo kwenu, ila mgandamizo umeshuka, kwa hiyo kila pumzi inakupa kama asilimia 60 ya ile ya pwani. Mwili huzoea, tena pole pole, na kinachouumiza zaidi ni mahali unapolala. Ukishavuka mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500. Nyinyi mtatoka Budadiri, kwenye mita 1,250 hivi, mlale kambi ya Sasa karibu 2,900, kesho yake kambi ya Mude, 3,500. Watu waliokuwa baharini juzi! Ongezeni usiku mmoja kambini Sasa na mwingine Mude, au mpitie njia ya Piswa kutoka Kapkwata, njia ndefu lakini inayopanda taratibu.

Tuje kwa huyo wa miaka 7. Mtu mzima atakwambia kichwa kinamgonga. Mtoto hununa tu, hukataa chakula, hataki kucheza, usiku halali, na wazazi husema anadeka. Mkiwa juu ya mita 2,500, hesabuni kuwa ni mlima mpaka ijulikane vingine, na msipande hata hatua moja. Akianza kuyumba kama mlevi, kukohoa mfululizo au kuhema akiwa amekaa, mshusheni saa ileile, iwe ni usiku wa manane. Mwambieni mwongozaji jambo hili tangu Budadiri, maana wengine hupenda kungoja kukuche.

Homa kali ni habari nyingine. Ugonjwa wa mlimani hauleti joto la namna hiyo, basi fikirieni malaria iliyopandwa nayo kutoka chini. Bebeni vipimo vya haraka na dawa yake.

Wangekuwa wanangu, yule mkubwa angepanda na mzazi mmoja, kwa siku sita. Mdogo angebaki na mzazi wa pili Sipi, chini ya mita 2,000, kwenye maporomoko. Nani abaki naye, hilo mtapatana wenyewe nyumbani. Na vyeti vya homa ya manjano vya wote wanne viwe mkononi mkifika Malaba.