Jibu: Squid inamaliza RAM kwenye pfSense

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: boksi lako la pfSense (fayawoli ya ofisi) hapo Kigoma lina RAM ya GB 4, umeipa Squid (programu inayotunza nakala za kurasa za wavuti, yaani kache) GB 2 za kache ya memori na GB 100 za diski, na kache ikishajaa intaneti inakuwa nzito ofisi nzima.

Anza kuangalia diski, siyo memori. Squid hutunza ndani ya RAM faharasa ya kila kitu kilichoko diskini, na kwenye mfumo wa biti 64 hiyo ni takriban MB 14 kwa kila GB 1. Kwa hiyo GB 100 zako zikijaa zinameza karibu GB 1.4. Jumlisha na zile GB 2 za cache_mem (kache ya memori), fayawoli yenyewe inabaki na nini? Inaanza kuswapu (kutumia diski badala ya RAM), na hapo ndipo unapolia.

Huku Tabora boksi la ukubwa huo naliwekea memori MB 512 na diski GB 10, linapumua vizuri. Hukosi kitu cha maana, maana siku hizi tovuti karibu zote ni HTTPS (zimefungwa kwa usimbaji) na Squid haihifadhi kurasa hizo usipozifungua njiani.

Halafu kuna umeme. Ukikatika ghafla, fungua cache.log (faili la kumbukumbu za Squid) boksi likiwaka: ukiona "Rebuilding storage" na neno "dirty" (yaani haikuzimwa vizuri), Squid inapitia upya diski yote. GB 100 ni kazi ndefu hiyo.

Punguza, futa kache ya zamani, washa upya Squid. Kisha tuletee matokeo ya amri ya top (inayoonyesha matumizi ya RAM) hapa.